Shati la Bwana Kimya

Haki ya nani, haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kweli isiyotiwa maji wala chumvi. Na kwa kuwa wapo watu katika nyumba hii wanaonisingizia kwamba jambo la ukubwa wa kunde nikilisimulia linakuwa la ukubwa wa nazi, naweka nadhiri hapa hapa kabla wino haujakauka: akitokea mtu akanionyesha uongo mmoja tu, nguo za nyumba nzima nitazipiga pasi mimi, kuanzia mashuka hadi leso. Na kila anayenijua anajua kwamba mimi na pasi ni paka na maji. Basi tega sikio.

Palikuwa na duka la nguo kwenye mtaa wa maduka, limebanwa kati ya muuza viatu na kinyozi. Lilikuwa na dirisha pana la kioo, na ndani yake binti mmoja muuzaji, ambaye wote walimwita Pini. Jina hilo alilipata kwa sababu ukosi wa blauzi yake haukukosa pini hata siku moja. Gauni likimpwaya mteja, kabla hajafungua mdomo kulalamika, Pini ameshalibana mgongoni, na mteja anajiona kwenye kioo kama aliyezaliwa nalo.

Kazi ya duka la nguo, asikudanganye mtu, si kusimama na kutabasamu. Kusimama kupo, tena mpaka nyayo zinawaka moto. Lakini kazi yenyewe hasa ni kukunja. Unakunja rundo la fulana mpaka linakaa kama tofali; anakuja mama mmoja, anachomoa ile ya chini kabisa, anaishika kwa vidole viwili kama aliyeokota mjusi, anauliza, "Hamna rangi nyingine?" Kisha anatoka. Unakunja upya. Wapo walioingia kukimbia mvua, wanajaribu koti moja baada ya jingine mpaka mvua ikatike. Wapo mabwana walioletwa na wake zao, wanasinzia kwenye kiti nje ya chumba cha kujaribia nguo, na wakiulizwa, "Hii vipi?" wanajibu, "Imekupendeza," kabla hawajafumbua macho. Na yupo yule wa kila wiki, anayetaka gauni jekundu: si jekundu hilo, wala hilo, jekundu jingine, ambalo nadhani aliliona ndotoni.

Pamoja na hayo yote, Pini aliipenda kazi ile. Aliipenda harufu ya kitambaa kipya mzigo unapofunguliwa. Na kuliko vyote alipenda ule wakati pazia la chumba cha kujaribia linapovutwa, na mtu aliyeingia amejikunyata anatoka amenyooka, anajigeuza huku na huku, halafu anacheka peke yake. Siku ya namna hiyo, Pini alirudi nyumbani bila kusikia miguu.

Wenzake walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Keshia, mpokea pesa wa duka, mwanamume mnene mwenye ulimi wa wembe, ambaye hakuinuka kwenye kiti chake ila kwa jambo la kucheka. Wa pili alikuwa mwenye duka, Bi Mkubwa, mama wa maneno machache. Akiwa na furaha alivaa miwani. Akiwa na hasira aliivua.

Ukitaka waweza kumhesabu na wa tatu: Bwana Kimya, sanamu la dirishani. Kila asubuhi Pini alimvisha na kumpangusa vumbi. Keshia alimwita shemeji.

"Pini, shemeji anakusalimia," angesema. "Anasema mume asiyeuliza 'chakula kiko wapi' atoke wapi tena?"

Sasa, Bwana Kimya alikuwa na kasoro. Mtoto wa mteja mmoja aliwahi kumning'inia mkono wa kulia akitaka kubembea, na mkono ukabaki kwa mtoto, vipande vipande. Kule stoo kulikuwa na mkono wa sanamu jingine, lililokwisha kufa zamani. Wakaupachika. Ukaingia vizuri, ila mwenye mkono huo alikuwa mtu wa miraba minne, kwa hiyo mkono ukamzidi mwenzake kwa vidole vinne. Tangu siku hiyo, kila shati la mikono mirefu alilovaa Bwana Kimya lilimwacha kifundo cha mkono wa kulia nje, kama mvulana aliyerefuka wakati wa likizo.

Pini hakulivumilia hilo. Yalipoingia mashati ya buluu, buluu ya mbingu baada ya mvua, alichukua moja, akaufumua mkono wa kulia, akaunga kipande cha kitambaa kile kile, na mshono akauficha pale penye mpasuo wa kifungo. Kazi ilikuwa safi hata yeye mwenyewe alitafuta mshono asiuone. Akamvisha Bwana Kimya. Mikono yote miwili ikafika inapotakiwa kufika, na Pini akaenda zake kukunja fulana. Baada ya wiki kadhaa alikuwa ameshasahau.

Lakini dirisha lile lilifanya kazi! Watu walipita, wakasimama, wakarudi nyuma hatua moja, wakaingia. "Nataka kama lile la yule bwana." Mashati ya buluu yakaisha rafuni kama sukari penye sisimizi.

Bi Mkubwa akavaa miwani.

"Pini, mwanangu," alisema, "siku zote naagiza mimi. Safari hii agiza wewe. Macho yako nimeyaamini."

Muuzaji wa duka la nguo kuambiwa maneno hayo! Pini alitembea juu ya hewa. Akiagiza vizuri mara moja, angekuwa mwagizaji wa duka, mtu wa kuchagua nguo badala ya kukunja zilizochaguliwa na wengine. Na kwa kuwa rafuni halikubaki hata shati moja la mfano, alifanya jambo ambalo mimi na wewe tungelifanya: alimvua Bwana Kimya shati lake, akalifunga vizuri kwenye karatasi, akalipeleka kwa Fundi.

Huyu Fundi alikuwa na karakana yenye cherehani nyingi na sifa moja kubwa: alichopelekewa ndicho alichotoa. Watu walisema ukimpelekea suruali yenye kiraka, atakushonea mpya zote, na kila moja atailazimisha kuwa na kiraka.

"Fundi," alisema Pini, "nataka kama hili. Saizi zote. Usiniongezee ujuzi wako na usinipunguzie hata uzi."

"Hata uzi?"

"Hata uzi."

Fundi alilitazama shati. Akamtazama Pini. Akalitazama shati tena, akalivuta mikono yote miwili, akakuna kidevu.

"Haya, binti. Mwenye nguo ni wewe."

Mzigo ulipofika, Keshia aliinuka kwenye kiti, jambo ambalo lingetosha kumtia Pini wasiwasi. Alijivika shati la juu kabisa, akasimama mbele ya kioo, akanyoosha mikono kama anayetembea gizani.

"Pini. Hebu njoo mama. Nimepinda mimi, au limepinda shati?"

Mkono wa kushoto ulikomea kwenye kifundo. Wa kulia ulimfunika vidole, zikabaki kucha tu zikichungulia. Wakafungua la pili, la tatu, la chini kabisa ya mzigo. Kubwa kwa dogo, yote yalikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja.

Hapo ndipo Pini alipokumbuka. Aligeuka polepole kumtazama Bwana Kimya, naye, kama kawaida yake, hakusema kitu.

Alikwenda kwa Fundi mbio.

"Fundi, uliona ule mkono?"

"Niliona."

"Mbona hukuniambia?"

"Si ulisema hata uzi? Nikajisemea moyoni, watu wa siku hizi wana mitindo yao. Wiki iliyopita nimeshona suruali zilizotobolewa magotini kwa makusudi. Nilisema neno? Sikusema neno."

Kumlaumu hakuweza. Alirudi dukani, akamweleza Bi Mkubwa yote bila kuficha, tangu mtoto wa kubembea hadi hata uzi. Bi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akaikunja, akaiweka mezani taratibu, na Keshia, aliyekuwa na mzaha ulimini, akaumeza.

"Mzigo wa msimu mpya uko njiani," alisema Bi Mkubwa. "Ukifika, nataka rafu hii iwe tupu. Yakibaki haya mashati, mwanangu, utatoka nayo."

Pini alijaribu kulirekebisha moja. Lakini kupunguza mkono wa shati si kukata ukucha: lazima ufumue pindo, usogeze mpasuo, uhamishe kifungo. Alishinda nalo siku nzima kati ya mteja na mteja, na lilipokamilika lilionekana limeshonwa na mtu anayekimbizwa.

"Yakunje mikono," Keshia alimshauri. "Hadi kiwikoni, kulia na kushoto. Yakae rafuni kiujana. Nani atajua?"

Pini hakupenda, lakini alikuwa mtu anayezama, na mfa maji haachi kutapatapa. Akakunja. Likanunuliwa moja siku hiyo hiyo, na mzee mmoja mpole, aliyemshukuru sana. Baada ya siku chache mzee alirudi nalo, amelivaa, mikono ameifungua.

"Binti yangu," alisema bila hata kukasirika, "mke wangu ananiuliza nimepatwa na nini mkononi. Nimekuja nikuulize wewe."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Pini alimwomba radhi, akampa jingine zuri la mikono mifupi, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akarudi rafuni, akayakunjua mashati yote, moja moja, mikono ikining'inia.

"Sifichi tena," alimwambia Keshia. "Nikitoka, nitoke nimesema kweli."

Kuanzia hapo kila aliyelishika shati aliambiwa, "Kitambaa kizuri, mshono imara, lakini mkono wa kulia umezidi wa kushoto."

Watu ni watu. "Asante kwa ukweli," walimwambia, wakaondoka zao. Mmoja aliuliza, "Huna ndugu yake aliyezidi kushoto?" Mwingine akasema, "Nikivaa mawili, moja nikaligeuza mbele nyuma, si nitalingana?" Keshia alicheka mpaka kiti kikalia. Pini naye alicheka, maana mzaha mzuri ni mzaha mzuri, hata ukiwa wewe ndiwe unayechekwa. Lakini jioni, akifunga dirisha, alilitazama duka kama mtu anayeaga.

Basi, hapa ndipo anapoingia mwanamume.

Bi Mkubwa alikuwa amemwita mwandishi wa vibao aje kuyapaka upya maandishi juu ya mlango. Akaja. Alikuwa mrefu, mtanashati, kifua mbele, mwenye sauti nzito ya kutetemesha vioo. Akipiga mluzi juu ya ngazi, ndege wa mtaa mzima walinyamaza wajifunze. Kusoma na kuandika alijifundisha mwenyewe, na herufi zake zilikuwa nzuri hivi kwamba watu walinunua vitu wasivyovihitaji ili mradi wasimame chini ya kibao chake.

Mtu huyu alikuwa na adui mmoja: mkono wa shati. Kuandika juu ni kuinua mkono wa kulia kutwa nzima, na ukiinua mkono, shati linakimbilia kiwikoni, rangi inatiririka kutoka kwenye brashi, inapita kifundo, inafuata mfupa, inaishia kwapani. Alikuwa na kwapa la rangi zote.

Siku hiyo aliingia dukani kuomba tambara la kujifutia. Akaliona shati la buluu. Pini, kama alivyojiapia, akamweleza kasoro yake kabla hajauliza. Yule bwana akalivaa tu, akaliinua jicho lake la ufundi, akainua na mkono hadi juu kabisa ya rafu.

Mkono ulipanda. Shati halikupanda. Pindo lilitulia kwenye kifundo kama saa.

"Dada!" akanguruma. "Hili halijakosewa! Hili limeshonewa watu wanaofanya kazi!"

Pini alimtazama yule bwana, akamtazama Bwana Kimya, na kitu kikamfunguka kichwani kama pazia la chumba cha kujaribia. Alikwenda dirishani, akaushika ule mkono wa kurithi, akauzungusha mpaka ukasimama juu, kama mtu anayeita rafiki ng'ambo ya barabara. Kwa mara ya kwanza tangu apachikwe, Bwana Kimya alionekana mzima. Kisha Pini akamwomba mwandishi wa vibao aandike kwenye kioo, kwa herufi zake nzuri:

MKONO WA KULIA UMEZIDI. KAZI YAKO NI YA KUINUA MKONO? INGIA.

Wa kwanza kuingia alikuwa mwalimu. "Kila nikiandika ubaoni," alisema, "shati linanikimbia, na darasa zima linacheka kiwiko changu." Akalivaa, akaandika hewani sentensi nzima yenye nukta na mkato, shati likatulia. Siku iliyofuata alileta walimu wenzake. Akaja askari wa barabarani. Wakaja madereva, wale wanaoegemeza kiwiko dirishani na kuunguzwa na jua kipande kile kile kila siku. Akaja mhudumu wa hoteli anayebeba sinia juu ya bega. Pini aliwapima mmoja mmoja, akawabana mgongoni kwa pini, na pazia likavutwa na kuvutwa tena, kila mara mtu anatoka mkono juu, anacheka.

Foleni ilianzia mlangoni, ikapita kwa kinyozi, ikakunja kona, ikavuka daraja. Kinyozi, akidhani ni wateja wake, alinyoa arobaini kabla hajaambiwa. Mji mzima ukawa unatembea na mkono mmoja juu, hata wageni walidhani ndiyo salamu ya huko. Mzigo wa msimu mpya ulipofika, rafu ilikuwa tupu, limebaki shati moja tu, la Bwana Kimya. Bi Mkubwa alivaa miwani, akavaa na ya akiba juu yake. Akaagiza mengine, na Fundi, aliyekwisha kuonywa, safari hii akayashona mikono sawasawa. Wateja wakaja juu: "Mmetupunja kitambaa cha kulia!" Wakayarudisha yote.

Na Pini, alipomtazama yule mwandishi wa vibao akishuka kwenye ngazi katika mwanga wa asubuhi, moyo ulimpasuka kwa uzuri wake, akapoteza fahamu, akaanguka...

"Akaanguka nani?"

Nimegeuka. Mke wangu amesimama nyuma ya kiti changu. Miwani yangu ya kusomea, niliyokuwa nikiitafuta tangu asubuhi, iko puani pake, na kwenye ukosi wa blauzi yake, mpaka leo hii, kuna pini mbili.

"Ni namna ya kusema tu," nimemjibu.

"Haya. Na huyu mrefu ni nani?"

"Kwenye ngazi nilikuwa mrefu."

"Sauti ya kutetemesha vioo! Mzee wewe! Uliingia ukajikwaa kizingitini na kopo la rangi, ukaniomba tambara kwa sauti ya kifaranga aliyelowa. Shati ulilivaa ndani nje. Na mkono uliuinua kwa sababu nilikuomba uniteremshie hanga la nguo lililokwama juu ya rafu. Nani aliyeona kwamba shati halikupanda?"

"Wewe."

"Sikusikia."

"Wewe, mama watoto."

"Na kinyozi alinyoa watu wangapi wa foleni?"

Nimetazama dari. "Mmoja."

"Nani?"

"Mimi."

"Maana kila siku ulisimama pale ukijifanya unangoja zamu, ili unichungulie kupitia kioo." Amecheka mpaka amevua miwani, na kwake yeye hilo si dalili ya hasira. "Maskini kinyozi wa watu. Mwishowe hakuwa na pa kunyoa."

"Lakini mashati yaliisha," nimesema, maana mtu hapigwi akakosa hata pa kujishikilia.

Amenyoosha ukurasa kwa kiganja, kama anavyonyoosha kila kitambaa kinachopita mbele yake.

"Yaliisha," amesema. "Hakukuwa na daraja wala wageni, walikuwa walimu, madereva na wachache wengine, na la mwisho liliondoka asubuhi ile ile mzigo mpya uliposhushwa. Na Bi Mkubwa aliniachia kuagiza mpaka nilipostaafu. Hilo ni kweli. Hilo liandike."

Nimeliandika.

Kisha amekwenda chumbani, amerudi na kapu la nguo, ameliweka miguuni pangu. Mashuka yamo, leso zimo, na juu kabisa, limepauka, limelainika, kifungo kimoja si cha kwake, shati la Bwana Kimya, alilozawadiwa siku ya kuaga kazi. Pasi imeshapata moto. Ule mkono wa kulia, jamani, ni mrefu kama barabara kuu.

Amekohoa huko alikoketi.

Haya. Vidole vinne.